Majengo yasiyopitisha hewa yaendelea kuhatarisha afya ya Wakenya

KILA jengo linapoporomoka nchini Kenya, mjadala mkali huzuka kuhusu saruji hafifu, nondo nyembamba na wakaguzi waliofumbia macho makosa. Ndivyo ilivyokuwa Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoanguka mtaani Huruma, Nairobi, na kuua zaidi ya watu 40. Uchunguzi ulifanywa, majengo mengine yakatiwa alama ya kubomolewa na wananchi wakahimizwa kuripoti nyufa.

Hata hivyo, ndani ya majengo mna hatari nyingine isiyotoa kishindo wala kuwaleta waandishi wa habari usiku wa manane. Hatari hiyo ni hewa. Mtu anaweza kuishi miaka 20 katika chumba ambacho kuta zake ni imara kabisa, lakini hewa yake ikamdhuru polepole. Moshi wa jiko, unyevu unaozaa ukungu, na pumzi za watu waliosongamana pamoja na viini vya maradhi hubaki humo humo kwa kukosa pa kutokea.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Katika miji ya Kenya, methali hiyo ina maana ya moja kwa moja. Jengo linaweza kuwa na vigae vinavyong'aa na lango la kifahari, ilhali wanaolala, kusoma au kufanya kazi ndani yake hawapati hewa ya kutosha.

Tatizo hili halitokani na ukosefu wa maarifa. Tiba yake ya kwanza, yaani dirisha linalofunguka na kupokea hewa kutoka nje, inajulikana tangu zama za mababu. Swali ambalo halijajibiwa na wanaopanga miji, wenye nyumba na serikali ni kwa nini madirisha mengi hubaki yamefungwa usiku na mchana, na ni nani anayepaswa kuziondoa sababu zinazowafanya watu wayafunge.

Moshi wa jikoni

Ukubwa wa tatizo huanzia jikoni. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, asilimia 55.1 ya familia nchini Kenya zilitegemea kuni kupikia, asilimia 11.6 zilitumia makaa na asilimia 7.8 mafuta taa. Kwa jumla, takriban robo tatu ya familia zilipika kwa nishati inayotoa moshi au gesi yenye madhara. Waliotumia gesi ya mtungi walikuwa asilimia 23.9 pekee, na wengi wao walikuwa wakazi wa mijini.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 kote duniani mwaka 2020, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Chembechembe ndogo za moshi huo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na kuingia katika damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi, bali huhusishwa pia na nimonia kwa watoto, kiharusi, maradhi ya moyo na saratani ya mapafu.

Mnamo 2021, WHO ilikaza viwango vyake na kupendekeza kwamba wastani wa chembechembe hizo kwa mwaka usizidi maikrogramu tano katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Kiwango cha awali, kilichowekwa 2005, kilikuwa maikrogramu 10. Jiko la kuni ndani ya chumba kisicho na bomba la kutolea moshi hupita viwango vyote viwili kwa mbali sana.

Makaa nayo yana hila yake. Kwa kuwa hayatoi moshi mwingi yakishakolea, wengi hudhani ni salama. Katika miezi ya baridi ya Juni, Julai na Agosti, baadhi ya familia huingiza jiko la makaa chumbani ili kupata joto, kisha hufunga mlango na dirisha. Makaa hayo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Aliyelala hapati hata fursa ya kushtuka, na kila msimu wa baridi habari za familia zilizopatikana zimefariki kwa njia hii hurudi katika vyombo vya habari.

Chumba cha futi 10 kwa 10

Jikoni ni sehemu moja tu. Katika mitaa ya Nairobi kama vile Pipeline, majumba ya ghorofa nyingi yamejengwa kwa kubanana kiasi kwamba dirisha la mpangaji mmoja hutazamana na ukuta wa jirani kwa umbali wa mikono miwili. Vyumba vya ghorofa za chini huwashwa taa adhuhuri. Nguo hazikauki vyema, kuta hutoa jasho, na ukungu mweusi huota pembeni mwa dari. Unyevu na ukungu wa aina hiyo huchochea pumu na maradhi mengine ya kupumua, hasa kwa watoto.

Hapa sheria za nchi zinaonyesha kinaya cha ajabu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka kila mfanyakazi katika chumba cha kazi awe na nafasi isiyopungua mita 10 za ujazo. Chumba cha kupanga chenye futi 10 kwa 10, yaani takriban mita tatu kwa tatu, na kimo cha mita 2.7, kina takriban mita 25 za ujazo. Kwa kipimo cha sheria hiyo, chumba hicho kingeruhusiwa kuwa na wafanyakazi wawili tu.

Familia ya watu watano inapolala humo, kila mmoja hupata takriban mita tano za ujazo, jiko likiwa pembeni na mlango ukiwa umefungwa hadi alfajiri. Kwa maneno mengine, mama anayeshona nguo kiwandani mchana ana haki ya hewa iliyoandikwa katika sheria, lakini anapofika nyumbani jioni haki hiyo humtoka mlangoni.

Pumzi inayorejea

Binadamu anapopumua, hutoa hewa yenye kabonidayoksaidi nyingi. Mwaka wa 1858, mwanasayansi Max von Pettenkofer wa mjini Munich, Ujerumani, alipendekeza kwamba kiwango cha hewa hiyo chumbani kisizidi sehemu 1,000 katika kila sehemu milioni. Hakuchagua kiwango hicho kwa sababu hewa hiyo ni sumu, bali kwa sababu ni ishara ya kiasi cha hewa iliyokwisha kupumuliwa. Kigezo hicho kingali kinatumika leo, na kifaa kidogo cha kukipima chaweza kuwekwa juu ya meza.

Umuhimu wa ishara hiyo hujitokeza wazi katika maradhi yanayoenea kwa njia ya hewa. Katika miaka ya 1950, watafiti William Wells na Richard Riley walipitisha hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu mjini Baltimore, Marekani, hadi kwenye chumba walimofugwa wanyama wadogo wa maabara. Wanyama hao hawakukutana na mgonjwa yeyote, lakini waliambukizwa. Ilidhihirika kwamba hewa peke yake ilitosha kubeba ugonjwa kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Kenya imo katika orodha ya WHO ya mataifa 30 yanayolemewa zaidi na kifua kikuu. Mwaka 2023, ugonjwa huo uliua takriban watu milioni 1.25 duniani. Dawa zipo na hutolewa bila malipo katika hospitali za umma, lakini mgonjwa ambaye bado hajagunduliwa huendelea kukohoa ndani ya matatu, darasani, kanisani, msikitini na katika foleni ya zahanati. Katika kila mojawapo ya sehemu hizo, dirisha lililo wazi hupunguza idadi ya watakaoambukizwa kabla hajafika kwa daktari.

Utafiti uliochapishwa 2007 kuhusu hospitali nane za mjini Lima, Peru, ulitoa funzo ambalo nchi zenye uwezo mdogo hazipaswi kulipuuza. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ya vyumba ilibadilika yote takriban mara 28 kwa saa. Vyumba vilivyotegemea mitambo ya kisasa vilibadilisha hewa mara 12 pekee. Wodi zilizojengwa kabla ya 1950, zenye dari za juu na madirisha makubwa, zilifanya vyema kuliko zile zilizojengwa miongo ya baadaye zikiwa na dari fupi.

Janga la Covid-19 lilirejesha somo hilo kwa uchungu. Mwanzoni mwa 2020, ujumbe uliosisitizwa ulikuwa kunawa mikono na kupangusa meza. Ilichukua muda kabla ya mashirika ya afya kukiri waziwazi kwamba virusi hivyo husafiri hewani na kuenea kwa urahisi katika vyumba vilivyofungwa. Shule za Kenya zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, baadhi ya wanafunzi walisomea chini ya miti kwa kukosa nafasi. Wengi walilichukulia jambo hilo kuwa aibu, ilhali kwa upande wa hewa, wanafunzi hao walikuwa salama kuliko wenzao waliojazana darasani.

Sababu za kufunga madirisha

Kampeni nyingi za afya huwahimiza wananchi wafungue madirisha, kana kwamba wanayafunga kwa ujinga. Ukweli ni kwamba kila dirisha lililofungwa lina sababu yake. Mpangaji wa ghorofa ya chini huhofia wezi, na mkazi wa Kisumu au Kilifi huhofia mbu. Anayeishi kando ya barabara huzuia vumbi, kelele na moshi wa malori, naye aliyeko Limuru au Nyahururu hujikinga na baridi kali ya usiku. Na aliyejengewa ukuta mbele ya dirisha lake haoni faida yoyote ya kulifungua.

Kwa hivyo, kumwambia mkazi afungue dirisha bila kumwondolea hofu yake ni kumtaka achague kati ya hatari mbili. Mwenye mtoto mchanga katika eneo la malaria hawezi kulaumiwa kwa kuogopa mbu kuliko moshi. Jukumu linapaswa kumrudia aliyelichora, aliyelijenga na aliyeliidhinisha jengo, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kuiondoa hatari moja bila kuikaribisha nyingine.

Wavu wa kuzuia mbu ukitiwa dirishani tangu mwanzo, gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ile ya jengo zima. Matundu ya hewa yaliyo juu karibu na dari, yenye wavu, hupitisha hewa usiku kucha hata mlango na dirisha vikifungwa kwa ajili ya wezi au baridi. Madirisha yanayokabiliana katika pande mbili za chumba huvuta hewa kwa nguvu zaidi kuliko dirisha moja kubwa, na nafasi kati ya jumba na jumba huleta mwanga na upepo. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi kinachohitaji teknolojia kutoka ng'ambo.

Suala la vyuma vya dirishani linahitaji uangalifu wa pekee, kwani limeshagharimu maisha. Machi 2001, moto katika bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, Machakos, uliua wavulana 67, huku madirisha yenye vyuma yakiwazuia kutoka. Mnamo 2008, Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni uliopiga marufuku vyuma hivyo katika madirisha ya mabweni, na kuagiza nafasi ya angalau mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda.

Mwongozo huo huzungumziwa zaidi baada ya moto, kama ule wa Septemba 2024 ulioua wanafunzi 21 katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Baadaye mwaka huo, serikali iliagiza sehemu za bweni katika zaidi ya shule 300 za msingi zifungwe kwa kukosa kutimiza masharti. Lakini nafasi ile ya mita 1.2 hailindi dhidi ya moto pekee. Hupunguza pia kasi ya kuenea kwa kifua kikuu, mafua na homa ya uti wa mgongo miongoni mwa watoto wanaolala pamoja. Bweni lililosongamana huwa hatari kila usiku, hata pale ambapo moto hauzuki kamwe.

Mifano iliyo karibu

Haihitajiki kwenda mbali ili kupata majengo yaliyofanikiwa. Nyumba za kale za Lamu, mji uliotambuliwa na UNESCO kuwa turathi ya dunia mwaka 2001, zilijengwa kwa kuta nene za mawe ya matumbawe, dari zilizoezekwa kwa boriti na ua wa ndani ulio wazi juu. Kuta hizo huzuia joto la mchana, nao ua huruhusu hewa moto kupanda na kutoka huku upepo wa bahari ukipenya vyumbani. Mafundi wa Lamu hawakuwa na umeme, lakini walijua upepo wa kaskazi na wa kusi unatoka wapi.

Jijini Nairobi, jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililoko Gigiri, lililofunguliwa 2011 na aliyekuwa Katibu Mkuu Ban Ki-moon pamoja na Rais wa wakati huo Mwai Kibaki, lilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi 1,200 bila kutegemea viyoyozi. Hewa huingia kupitia madirisha, hupata joto, kisha hupanda katika uwazi mkubwa ulioachwa katikati ya jengo na kutokea juu pembeni mwa paa.

Katika eneo kame la Turkana, msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso, Mwafrika wa kwanza kutuzwa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022, alisanifu chuo cha Startup Lions kilichokamilika 2021 karibu na ziwa. Minara yake mirefu, iliyoiga vichuguu vya mchwa, hutoa hewa moto juu huku hewa baridi ikiingia chini.

Mifano hiyo inapolinganishwa na majumba ya vioo yanayozidi kuchipuka Westlands, Upper Hill na Mombasa, tofauti ni bayana. Mengi kati ya majumba hayo yameiga miji ya nchi za baridi. Huko, baada ya bei ya mafuta kupanda mwaka 1973, majengo yalizibwa ili kuhifadhi joto, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wakaanza kulalamika kuhusu maumivu ya kichwa, macho kuwasha na uchovu uliopungua walipotoka nje. WHO ililitambua tatizo hilo katika miaka ya 1980. Jiji lililo karibu na ikweta, katika kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, halina sababu ya msingi ya kuagiza ugonjwa huo kutoka nje.

Dirisha pekee halitoshi

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba dirisha hutibu kila kitu. Familia inayoishi karibu na jaa la Dandora hufungua dirisha na kuukaribisha moshi wa taka zinazoungua. Paa kuukuu la asbesto likivunjika, nyuzi zake huingia mapafuni na zaweza kusababisha saratani miongo kadhaa baadaye, hata chumba kikiwa na upepo tele. Katika hali kama hizo, dawa ni kuliondoa chimbuko lenyewe.

Vivyo hivyo, kifaa kimoja hakiwezi kumaliza tatizo la moshi. Utafiti mkubwa uliofanywa nchini Malawi na kuchapishwa mwishoni mwa 2016 uliwafuatilia watoto 10,750. Familia zilizopewa majiko yaliyopunguza moshi hazikuonyesha upungufu wa nimonia zilipolinganishwa na zile zilizoendelea kupikia moto wa kawaida. Ufafanuzi mmoja uliotolewa ni kwamba watoto walizungukwa na moshi mwingine: wa majirani, wa taka na wa tumbaku. Usafi wa hewa ya nyumba moja hutegemea pia mtaa mzima.

Sera ya kodi nayo imekuwa ikiyumba. Mnamo Julai 2021, gesi ya kupikia ilitozwa ushuru wa VAT wa asilimia 16, ukapunguzwa hadi asilimia nane mwaka 2022, kisha ukaondolewa kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Familia yenye kipato cha kubahatisha haiwezi kununua mtungi na kichomeo leo bila kujua kama mwaka ujao itamudu kuujaza. Bei inapopanda, mtungi husukumwa chini ya kitanda na jiko la makaa hurejea.

Sheria ipo, ukaguzi haupo

Wapo wanaodai kwamba hewa ya ndani ni jambo la faragha lisilofaa kuingiliwa na serikali. Historia ya karibuni inawapinga. Kabla ya Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007, iliyoanza kutekelezwa Julai 2008, moshi wa sigara ulikuwa jambo la kawaida katika mikahawa, baa na ofisi. Wenye biashara walitabiri hasara, lakini leo mteja anayewasha sigara katikati ya mkahawa hushangaza kila mtu. Sheria hiyo ilithibitisha kwamba hewa inayotumiwa na watu wengi ni mali ya wote, hata ikiwa ndani ya kuta za mtu binafsi.

Msingi wa kikatiba pia upo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Kifungu cha 43 kinataja haki ya afya na ya makazi yanayofaa. Kanuni za zamani za ujenzi za 1968 zilikuwa na masharti kuhusu madirisha na nafasi kati ya majengo. Kanuni mpya za kitaifa zilizochapishwa 2024 na kuanza kutumika 2025 zina vipengele kuhusu mwanga na upitishaji hewa.

Pengo liko kati ya karatasi na ukuta. Mchoro huidhinishwa na kaunti ukiwa na madirisha na nafasi za kutosha, kisha mwenye ploti huongeza ghorofa mbili, hupunguza upana wa ua na kugawa chumba kimoja kuwa viwili. Ardhi ya jijini ni ghali, na kila futi iliyoachwa kwa ajili ya upepo huonekana kuwa kodi iliyopotea. Mpangaji hana nguvu ya kulalamika kwa kuwa wengine wengi wanasubiri chumba hicho hicho. Mkaguzi anapofika, kama atafika, huangalia nguzo na mabomba. Hewa haina wa kuipigania.

Nafasi ya kurekebisha mambo ipo sasa kuliko wakati mwingine wowote. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. Umma ndio unaogharimia majengo hayo, hivyo umma una haki ya kuuliza kama kila chumba kina dirisha linalofunguka nje, kama jikoni moshi una pa kutokea na kama madirisha ya maeneo ya malaria yametiwa wavu. Iwapo serikali haitatimiza masharti hayo katika nyumba zake yenyewe, haitakuwa na ujasiri wa kumdai mwenye ploti wa Pipeline ayatimize.

Hatua za mwanzo si ngumu. Kaunti zaweza kukataa kutoa cheti cha kuruhusu wapangaji kuingia hadi mkaguzi athibitishe, chumba baada ya chumba, kwamba madirisha yaliyochorwa ndiyo yaliyojengwa. Wizara za Elimu na Afya zaweza kuweka vifaa vya kupimia kabonidayoksaidi katika mabweni, madarasa na vyumba vya kusubiria matibabu, na kubandika matokeo yake mahali ambapo wazazi na wagonjwa watayaona. Kipimo cha mita 10 za ujazo alichowekewa mfanyakazi chaweza kuwa msingi wa kipimo cha mwanafunzi na mpangaji. Nayo Hazina ya Kitaifa yaweza kuahidi kwamba gesi ya kupikia haitarejeshewa ushuru kwa kipindi kinachojulikana, ili familia zipange matumizi yao.

Karne iliyopita, miji mingi duniani ilikubali kwamba maji safi hayawezi kuachiwa juhudi za kila nyumba kivyake, kwani kipindupindu cha mmoja ni cha wote. Ikawa kazi ya serikali kuyapima maji, kuyatibu na kuwawajibisha wanaoyachafua. Mtu mzima hunywa lita chache za maji kwa siku, lakini huvuta maelfu ya lita za hewa, nyingi kati ya hizo akiwa ndani ya jengo ambalo hakulichora wala kulijenga. Hadi hewa hiyo itakapopata kipimo, mkaguzi na adhabu kwa anayeiharibu, mpangaji wa ghorofa ya chini ataendelea kulala na dirisha lililofungwa, na zahanati za mitaa zitaendelea kuwatibu watoto na kisha kuwarudisha katika vyumba vile vile vilivyowaugua.